Kipikipiki cha Violeth na Ndege wa Katindiuka

Jumatatu, 20 Mei 1996
Ndege wamenishinda. Mpunga wangu wa Katindiuka unakomaa na kweleakwelea wanakula kama wamealikwa. Violeth, binti yangu wa darasa la saba, yuko juu ya dungu na kombeo tangu wiki iliyopita. Shule haioni. Leo Mwalimu Oliva kaja hadi nyumbani kusema Alhamisi ni mtihani wa majaribio, na mtoto mwenye akili vile asikose. Nikaapa hatakosa. Mke wangu Bibiana, mtoto mchanga mgongoni, akauliza sasa nani ataamia ndege, maana kiuno changu hakipandi dungu.

Kisha kichwa kikafunguka. Kipikipiki! Kile alichoachiwa Violeth na familia ya daktari Mzungu walipohama. Kidogo, lakini kelele! Nitazunguka nacho shambani, ndege wahamie Malinyi. Hakuna aliyewahi kuwaza hili. Amedeus mimi ni mmoja tu!

Jumanne, 21 Mei
Violeth kanieleza kuwa petroli ya kile kidude huchanganywa na oili, vifuniko viwili tu kwa chupa ya soda. Vifuniko! Wazungu wabahili. Mtoto asipopakwa mafuta anapauka, sembuse pikipiki ya mtoto. Nikaomba oili chafu kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikamimina bila choyo.

Kikawaka! Magoti masikioni, moshi hadi mbinguni, ndege wote juu. Jirani yangu Fridolin, anayefukuza ndege kwa kamba ya makopo kama babu yake, alikohoa vibaya sana. Raha iliyoje! Halafu puu, puu, kimya. Nikafungua plagi. Imelowa, nyeusi kama kitako cha sufuria. Ndege wakarudi. Mmoja alitua kwenye usukani.

Jumatano, 22 Mei
Nimesugua plagi kwa msasa. Kikawaka, kikazunguka shamba, kikafa. Ni kiu, hiyo. Nikaongeza oili. Plagi ikazidi kulowa. Fridolin kapita, kaangalia, kasema nipunguze oili. Mwenye wivu ndivyo alivyo, ushauri wake wote ni wa kupunguza.

Jioni nikaichoma plagi jikoni ikauke. Bibiana alikuwa anabanika kambale. Tumekula kambale wa petroli. Baadaye Violeth kaniuliza taratibu kama kesho atafanya mtihani. Nikasema mashine imepona. Sikuweza kumtazama usoni.

Alhamisi, 23 Mei
Kaondoka na sare yake, penseli mbili, kacheka hadi mwisho wa njia. Mimi shambani. Nikapiga kiki hadi mguu ukafa ganzi. Kimya. Ndege wakashuka kama mvua. Basi nikakimbia mwenyewe, mtu mzima, napiga kelele na shati mkononi. Saa sita sauti ikakauka. Nikakaa kwenye tuta. Nilitaka kulia. Nikimwita Violeth, mtihani umekwenda. Nisipomwita, chakula cha mwaka kimekwenda.

Fridolin akaja na ncha ya kamba yake.

"Shika hapa," akasema. "Nikivuta, na wewe vuta."

Tukavuta hadi jua linazama. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo liliniuma. Mpunga umepona, isipokuwa pembeni.

Ijumaa, 24 Mei
Violeth kasema mtihani umekwenda vizuri. Kisha kamwaga petroli yote, kasafisha plagi, kachanganya upya kwa oili safi na vifuniko vyake. Kiki moja tu! Kazunguka shamba kutwa, mgongo wima, ndege hawaoni pa kutua. Bibiana alipiga vigelegele. Mimi machozi. Moshi, nikawaambia. Ila moshi haukuwepo.

Jumapili, 26 Mei, Pentekoste
Kesho Violeth anarudi shule moja kwa moja. Nimemhakikishia Mwalimu Oliva mlangoni pa kanisa: mashine ipo, mimi nipo.

Jambo moja tu linanisumbua. Mashine isiyotoa moshi, ndege watajuaje iko kazini? Na mlio wake umekuwa mkavu. Unasikitisha. Kwa hiyo mchana, Violeth akiwa kwaya, nimeongeza oili. Kidogo. Nusu kikombe. Mtoto hanyimwi mafuta.

Fridolin aliniona. Jioni nimemkuta anaunga kamba yake ya makopo, anairefusha hadi ndani ya shamba langu.

Wivu huo!