Mbegu ya Majaribio kwenye Kompyuta Yangu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Niwie radhi, shajara. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyewaadhibu watoto wa watu miaka thelathini na minne kwa kutomaliza kazi. Sikuwa mvivu. Nilikuwa naandika Historia ya usharika wetu hapa Isongole, ambao utatimiza miaka mia moja Jumapili ya tarehe 28. Miaka mitatu nimewazungukia wazee kumi na wanne, nikiuliza, nikisikiliza, nikichapa. Sita kati yao tumekwisha kuwazika. Maneno yao yamo humo, wala hayamo penginepo.

Jana nimeikamilisha. Kurasa themanini na mbili! Baraza la wazee limeamua niisome mimi siku ya sherehe. Namshukuru Mungu. Nalishukuru na baraza.

Jirani yangu Lukasi aliitaka sana nafasi hiyo. Alikuwa karani wa ushirika wa wakulima wa chai, na tunapakana migomba. Watoto wake wamemnunulia kompyuta mpya, nyembamba kama sahani. Yangu nilipewa na binti yangu Beatrice nilipostaafu, na sasa ukiiwasha unaweza kuchemsha maharage yakaiva kabla haijafunguka. Lukasi alisema mbele ya mchungaji kwamba kompyuta yangu nayo iingizwe kwenye Historia, maana ina umri wa kutosha. Watu walicheka. Mchungaji naye, kidogo.

Jambo hili haliwezi kuachwa hivi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda Tukuyu kwa bodaboda, kompyuta nimeifunga kwenye kitenge cha mke wangu. Siham, fundi wa kompyuta, binti wa Hasheem mshonaji, alinipa shikamoo na kiti. Binti mwenye adabu. Aliichunguza, akasema haina ugonjwa, imechoka mzigo tu. Akashauri niiwekee mfumo wa Linux, ambao ni mwepesi na hutolewa bure. Akanionyesha toleo lililokomaa.

Lakini macho yangu yaliona, chini ya hilo, toleo jingine. La majaribio! Halijatolewa rasmi. Watu wa kawaida watalipata mwezi ujao.

Siham alisema hilo niliache, Mwalimu, bado lina kasoro. Akanisomea na onyo: lisiwekwe kwenye kompyuta unayoitegemea. Nilimweleza kwamba maonyo huandikwa kwa ajili ya wazembe. Mara mbili Bwana Shamba ameniletea mbegu mpya za viazi kabla ya wilaya nzima, na shamba langu likawa shamba darasa. Wakulima walitoka Kiwira na Nkunga kuja kutazama. Mbegu ya majaribio haipewi mtu ovyo ovyo.

Akaniwekea kwenye flashi, shingo upande. Akasisitiza nitoe nakala za kazi zangu kwanza. Ushauri mzuri. Namshukuru.

Alhamisi, 18 Septemba

Nakala nimetoa tatu. Historia ipo kwenye uso wa kompyuta, ipo kwenye kabrasha la Nyaraka, na ipo kwenye kabrasha jipya nililoliita Akiba. Lukasi hana hata moja ya namna hiyo.

Mke wangu Sekela, akimenya viazi, alinikumbusha kwamba ile mbegu ya Bwana Shamba tuliipanda matuta mawili tu nyuma ya jiko, na shamba lote tuliliacha na mbegu yetu. Nilimjibu kwamba kompyuta haina nyuma ya jiko. Akasema haya, Baba Beatrice, akaendelea kumenya.

Mashine iliniuliza: uweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au usafishe diski yote? Swali la kitoto. Hakuna mkulima anayepanda juu ya magugu. Shamba husafishwa kwanza. Nikabonyeza.

Dakika ishirini. Nikaizima, nikaiwasha. Ikafunguka kabla sijamaliza Baba Yetu! Nikaisali tena, kwa shukrani.

Waifai haipo. Sauti pia haipo. Sekela aliuliza sasa kuna nini. Nikamwambia kuna kasi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeunganisha kompyuta na simu kwa waya na kuwaandikia waundaji wa mfumo. Kiingereza changu bado kimenyooka. Niliwauliza kwanza hali za nyumbani kwao, kama ipasavyo, ndipo nikaeleza kasoro. Jibu limekuja leo leo! Mmoja wao, kutoka nchi ya mbali, amenishukuru kwa taarifa kamili, akasema kwao hawajambo, akanipa mstari mmoja wa kuchapa. Nikauchapa. Waifai ikarudi!

Watu wema kiasi hiki, wasiokujua wala kukudai. Nimeguswa.

Nimeitisha shamba darasa kesho saa nne. Lukasi nimemwalika mimi mwenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba

Heri nisingeitisha.

Walikuja wazee saba. Sekela aliwapa chai na mahindi ya kuchemsha. Nikaiwasha kompyuta mbele yao. Wakaguna kwa mshangao. Lukasi akavua kofia, akaivaa tena. Hiyo ilikuwa saa yangu, nami naikumbuka kwa shukrani, maana ilikuwa fupi.

Mzee Yohane akaomba nimwonyeshe maneno ya mama yake. Bibi Winfrida ndiye aliyenisimulia siku mvua ilipoliangusha kanisa la mianzi, na waumini wakamaliza ibada wamejifunika majani ya migomba. Tulimzika mwezi wa sita. Nikasema nitafurahi kumwonyesha. Nikatafuta kabrasha la Akiba. Hakuna Akiba. Nyaraka: tupu. Uso wa kompyuta: picha ya mlima wa watu wengine.

Ndipo nilipoelewa. Nakala zote tatu zilikuwa ndani ya shamba lile lile nililolisafisha.

Lukasi aliinama, akatazama kioo, akasema, “Mwalimu, umelima na mahindi yako.”

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yohane aliweka kikombe chini, akasema haidhuru, atajitahidi kuyakumbuka mwenyewe. Ana miaka sabini na tisa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi kwa Siham. Alihangaika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akahangaika tena. Mwisho akasema pole, Mwalimu: hapa pamelimwa, na mazao mengine yameshapandwa juu yake. Hakunikumbusha lile onyo. Huo ni ungwana, na nimeuandika hapa usisahaulike.

Akauliza kama kuna mtu yeyote duniani niliyewahi kumpa nakala. Nikasema hapana. Akauliza tena, taratibu, kama ninavyouliza mimi nikijua mwanafunzi anaficha.

Yupo mmoja. Mwezi wa saba nilimpa Lukasi flashi yenye Historia, sura zote isipokuwa ya mwisho. Sikumpa kwa wema. Nilimpa ili aone jinsi watu waliosoma wanavyoandika.

Jumanne, 23 Septemba

Mpango: kwenda kwa Lukasi kukagua mpaka, kisha, kama kwa bahati, kuitaja ile flashi, na kuichukua kwa madai kwamba ni mali yangu. Mpango imara.

Lukasi alikuwa akipunguza majani ya migomba. Alinikaribisha, akanikalisha, akaniletea ndizi na maziwa ya mgando. Aliniacha nizungumze juu ya ukungu, juu ya chai, juu ya barabara. Nilipofika kwenye mpaka aliinuka, akaingia ndani, akatoka na flashi mkononi. Alisema alijua nitakuja, na alijua nimekuja kwa shida, maana hodi yangu leo ilikuwa ya upole.

Akasema ameisoma mara tatu, na imeandikwa vizuri. Vizuri! Lukasi! Kisha akasema, akitazama migomba, kwamba ameongeza sentensi moja ukurasa wa arobaini na moja. Baba yake, Ackson, alipasua mbao za kanisa la sasa misimu miwili bila ujira, na katika Historia yangu hayumo.

Ni kweli hayumo. Nilimwacha kwa makusudi, kwa sababu ya jiwe la mpaka, ambalo mimi na Lukasi tumeligombania miaka mingi.

Hakuniwekea sharti. Aliniambia nikiona sentensi haifai, niifute. Angeweka sharti ningepata pa kumkasirikia. Kiswahili sanifu kilinikimbia. Nilisema “ndaga fijo”, kama mama yangu alivyonifundisha kushukuru. Lukasi akasema nile ndizi, zinapoa.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeisoma. Sura ya mwisho niliiandika upya kwa siku mbili, na Siham akachapa nakala moja nzuri. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilipofika kwenye maneno ya Bibi Winfrida, mzee Yohane alisimama, akabaki amesimama mpaka yalipokwisha. Nilipofika ukurasa wa arobaini na moja, nilisoma jina la Ackson kwa sauti kubwa kuliko majina mengine. Lukasi alijifunika uso kwa kofia.

Baada ya ibada, mgeni kutoka dayosisi aliomba ile nakala ya karatasi. Nimempa, ameondoka nayo. Sina la kuomba zaidi.

Jumanne, 30 Septemba

Siham ameniagiza kwamba kuanzia sasa Historia ikae katika nyumba mbili tofauti. Nimetii. Ipo kwenye kompyuta yangu, na ipo kwenye kompyuta ya Lukasi. Hayo ndiyo mafunzo ya kweli.

Leo waundaji wameandika. Wamenishukuru kwa jina! Toleo la pili la majaribio limetoka, nao wanawahitaji watu makini wa kulijaribu.

Nimewaza sana juu ya wema wa Lukasi. Ndaga fijo haitoshi, shukrani ni matendo. Nayo kompyuta yake imeanza kusuasua tangu aijaze nyimbo za kwaya. Nimemwalika Jumamosi aje nayo. Tutaziwekea zote mbili siku moja, ili asiwepo wa kwanza wala wa pili. Toleo tutalibeba kwa flashi ile ile ya Historia aliyonirudishia. Itafutwa kwanza, lakini haina kazi tena.

Sekela ameuliza habari za matuta mawili nyuma ya jiko. Nimemwambia sasa tuna mashamba mawili, si matuta.

Lukasi ameuliza swali moja tu, la kikulima: tusafishe yote, au nusu? Mimi naelekea kwenye yote. Yeye ameomba siku mbili za kufikiri. Tukishakata shauri, nitakuandikia.