Kwenda Masaa Matano, Kurudi Ishirini na Moja

Kwa Meneja wa Shirika la Ndege

Ndugu Meneja,

Salamu, na samahani kwa kukupotezea muda, ingawa muda wenyewe ndio ulionifanya nishike kalamu. Mimi ni fundi saa. Nina miaka thelathini na moja katika kibanda kilicho ubavuni mwa posta, na sijawahi kumrudishia mteja saa inayodanganya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tiketi mliyomkatia kifungua mimba wangu miaka saba iliyopita, ambayo nakala yake mama yake ameihifadhi kwenye mkebe wa vifungo, inaonyesha kuondoka huku kwetu saa mbili asubuhi na kufika mji wa ng'ambo anakoishi sasa saa saba mchana, siku ileile. Masaa matano. Ya kurudi, ambayo mpaka leo hajaitumia, inaonyesha kuondoka kule saa mbili asubuhi na kutua kwetu saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake. Masaa ishirini na moja! Njia ni ileile, ndege ni ileile.

2. Kwa hiyo mmewawekea vijana mteremko wa kwendea na mlima wa kurudia. Kila nikimpigia simu huyu wangu ananiambia, "Baba, huku ni mbali." Nikamwona mwongo, nikamnunia miaka miwili mizima, kumbe kosa ni lenu.

3. Mama yake hukitandika kitanda cha mwanawe kila Desemba na kukitandua Januari. Shuka zimechakaa kwa kufuliwa bila kulaliwa. Shuka siwadai.

4. Naomba ratiba igeuzwe: ishirini na moja yawe ya kwenda, matano yawe ya kurudi. Anayeona kwenda ni taabu, abaki kwao. Ikishindikana, nileteeni saa ya hiyo ndege niifungue, maana nashuku springi. Saa zikipishana, lazima mojawapo ni mbovu. Hilo halihitaji shahada.

Nisalimieni marubani, wahudumu, wabeba mizigo, na yule dada wa dirishani ofisini kwenu, ambaye nilipokuja kulalamika aliniomba kwa upole nisubiri pembeni. Bado nasubiri.

Wenu katika kuzitunza dakika,
Fundi Saa

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, amepita mwalimu wa jiografia kuchukua saa yake ya ukutani, nikamsomea barua hii. Amenieleza kwamba saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa masaa manane, na safari ni masaa kumi na matatu, kwenda na kurudi sawasawa. Nimepiga hesabu mara tatu, imekubali. Saa zote ni nzima. Basi ichaneni barua hii. Masaa kumi na matatu ni siku yangu moja ya kazi, tangu kufungua kibanda hadi kufunga. Mama yake sijamwambia. Kwake yeye kosa bado ni lenu, na nawaomba mwendelee kulibeba.