Upepo wa Breki na Bomba la Ng'ombe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Breki zimezama. Nimekanyaga kwenye kona ya sokoni, pedali ikaenda hadi chini. Nikapampu mara tatu ndipo gari likasimama, hatua moja kutoka meza ya mama wa nyanya. Akanitukana. Nikamwambia nilikuwa namtania tu.

Ni upepo umeingia kwenye breki. Kuutoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko uvunguni anafungua na kufunga nati. Watu wawili! Fundi Bonifas siendi; mwezi uliopita nilimwambia mbele za watu kwamba magari hutoka gereji kwake mabovu kuliko yalivyoingia. Nikimwomba mke wangu Marciana akanyage pedali, mama yake atajua kabla chai haijachemka.

Na mama mkwe asijue. Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga Jackline, binti yake wa mwisho anayeolewa, huko Mikumi. Mama atamfunga kitenge cha marehemu bibi yake mbele ya wageni saa nane mchana, kabla ya chakula. Amekitunza miaka ishirini kwa siku hiyo. Na amesema kwa mdomo wake kwamba atakwenda na mimi! Miaka tisa nimeoa kwake, hajawahi kupanda gari langu. Kila safari ni Ditram, aliyemwoa dada yake Marciana, na pikapu lake la magunia na majivuno yake. Safari hii ni mimi, Casmir.

Jumanne, 10 Juni

Nimetazama video saba za kutoa upepo ukiwa peke yako. Kuna jamaa ana pampu ya kuvuta yenye saa ya kupimia. Nzuri sana! Nikaenda dukani kuiulizia. Muuza spea akacheka hadi akakaa. Akanionyesha kimpira cheupe chenye vali mwishoni ya kuzuia upepo usirudi, akasema hicho kinatosha: unakichomeka kwenye nati, upande wa pili unauzamisha kwenye chupa, unakwenda kukanyaga mwenyewe taratibu.

Nimekikataa. Mtu unambeba mama mkwe, unategemea kipande cha mpira? Nimenunua mafuta ya breki na spana namba kumi, nikaondoka na heshima yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata pampu! Rafiki yangu Kimaren, mfugaji, ana bomba kubwa la sindano la kuchomea ng'ombe. Linavuta hilo! Akaniuliza nina ng'ombe tangu lini. Nikasema ni mbuzi, wa kwa shemeji. Akanionya kwamba limetumika kwa dawa ya mafutamafuta, nisilichanganye na dawa nyingine kabla ya kulichemsha. Nikaitika. Moyoni nikajiambia kwamba breki nazo zinakunywa mafuta, na mafuta na mafuta ni ndugu. Nikalisuuza kwa Omo.

Kazi imechukua mchana mzima. Nimevuta mafuta ya zamani kwa bomba, nikajaza mapya kwa bomba hilohilo. Nimelala uvunguni na kula vumbi. Marciana akauliza ninafanya nini, nikasema natafuta ufunguo. Pedali sasa iko juu na imara. Peke yangu!

Nimempigia Ditram na kumwambia asihangaike kumpitia mama, atangulie tu Mikumi na viti vya wageni. Akauliza kama nina hakika. Nimekata simu kwa furaha.

Ijumaa, 13 Juni

Gari limekuwa zito kidogo. Ringi za mbele zina joto. Nadhani ni jua.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuandika. Sikuwa na moyo wa kushika kalamu.

Tulitoka saa nne. Marciana alikuwa ametangulia na wapishi. Mama alikaa mbele, begi lenye kile kitenge mapajani, amevaa viatu vipya. Alisifu gari. Alisema linakwenda kwa utulivu. Lilikuwa linakwenda kwa utulivu kwa sababu breki zilikuwa zinajishika zenyewe! Tulipopita kijiji cha Ulaya moshi ukatoka kwenye magurudumu, harufu ya kuungua ikajaa ndani, gari likasimama na kukataa kabisa. Niliziomba breki zishike. Zilishika.

Ilikuwa saa tano. Mama akasema nimpigie Ditram. Nikamwomba dakika kumi. Nikalala chini na bomba la Kimaren. Saa sita akasema tena, kwa upole. Dakika kumi. Bodaboda akasimama na kuuliza kama mama atapanda. Nikamfukuza! Nilisema mama mkwe wangu hafungwi kwenye pikipiki kama mkungu wa ndizi. Saa saba, dakika kumi. Mama alikuwa amekaa wima, anajipepea kwa kadi ya mwaliko. Saa nane alitoa simu yake mwenyewe.

Tulifika na Ditram saa tisa na nusu. Wageni walikuwa wanakula. Shangazi yake Jackline alishamfunga kanga ya kuazima. Jackline alipomwona mama yake alilia, na hakulia kwa furaha. Mama hakulifungua hata begi. Alirudi nalo nyumbani Kilosa, mapajani vilevile.

Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba yeye angekaa hata juu ya magunia ya Ditram, kama ningesema mapema. Naona aibu. Breki ningesamehewa. Zile dakika kumi sijui.

Jumanne, 17 Juni

Bonifas amelivuta gari. Amenionyesha mipira ya breki: imevimba kama maandazi. Amesema ile dawa ya ng'ombe ndiyo imeivimbisha. Hakucheka, na hilo limeniumiza zaidi. Nikamwomba radhi mbele za watu.

Mama mkwe naye ameagiza kwamba Jumamosi ijayo nimpeleke Kidodi kwa shangazi yake. Ditram yupo, lakini anataka mimi, ili nisijisikie vibaya. Nimelia chooni. Nimeapa: kuanzia leo, kila kitu kwa fundi.

Jumatano, 18 Juni

Mipira ya mbele tayari. Bonifas anataka nimwachie gari mpaka Ijumaa atoe upepo, nije nimkanyagie pedali. Nikamwambia sina haja, nikalikokota gari nyumbani.

Maana nimepita duka la pembejeo. Nimeona bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya nyanya. Mimi nilikuwa navuta! Kumbe breki hazitakiwi kuvutwa, zinatakiwa kusukumwa kutoka juu. Mwenye duka ameniuzia lake, limetumika msimu mmoja tu. Nimemwambia Marciana ni la mchicha. Amefurahi, amesema hatimaye nimepata akili.

Nimelisuuza mara tatu. Bado linanuka kidogo. Mama mkwe nimemwambia Jumamosi awe tayari saa mbili.