Darubini ya Jua na Pakiti ya Njano

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imekatika, jua limetoka, na Ou Yi-ting, mwenzangu wa darasa hapa chuoni, ameshajiandikia darubini ya jua wiki nzima. Wiki nzima! Mimi nimeachiwa Alhamisi mchana tu. Nisipowasilisha mchoro wa madoa ya jua Ijumaa, nafutwa kwenye astronomia, somo langu la pili, nabaki na uhasibu mtupu. Na mama ameshawatangazia wauza samaki wote wa soko letu la Tainan kwamba mwanawe anarusha roketi. Nimemlalamikia Dada Jian, msaidizi wa maabara. Akasema ningeamka mapema. Hana huruma yule.

Jumanne, 5 Machi

Dawa ya Yi-ting nimeipata! Juu ya injini ya darubini kuna pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama ilivyo kwenye mashine zote za kisiwa hiki. Ya kijani, mashine inatii. Ya njano, inagoma. Hata mtoto wa chekechea anajua. Basi nimepanda paani ilipo darubini mapema, nikaweka ya njano. Ya kijani nikaila, kuitupa ni dhambi. Kisha nikajibanza nyuma ya tangi la maji kumsubiri Yi-ting alie.

Jumatano, 6 Machi

Hakulia. Darubini ililifuata jua kwa adabu zote, naye akachora madoa yake huku anaimba. Leo nimejibanza tena. Amenifuata nyuma ya tangi na chai ya maziwa, akauliza kama jana nilipata kivuli cha kutosha. Chai nimekunywa. Namchukia zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Zamu yangu! Nimeweka pakiti mpya ya kijani, nikaiinamia kwa heshima, nikawasha. Kimya. Jua likateleza likatoka kwenye kioo, nikabaki na penseli yangu. Dada Jian akaja mbio. Pakiti hata hakuitazama. Alitazama ukutani.

“Po-han, mdogo wangu,” akasema taratibu, “nani amechomoa waya wa injini akachaji simu?”

Simu ilikuwa yangu. Angalau ilijaa. Waya ukarudishwa, wingu nalo likawa limeshafika.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu Ruan amenifuta. Nilijitetea kisomi: ile pakiti ya kijani ilikuwa imepitwa na tarehe, nimeisoma mwenyewe asubuhi. Chanzo ndicho hicho! Akalaza kichwa mezani muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafakari.

Mama akapiga simu. Nikamwambia nyota nimezimaliza. Akauliza sasa wale wa sokoni awaambie nini. Hapo iliniuma, sifichi.

Kwa hiyo jioni nimeomba kuingia somo la mitetemeko ya ardhi. Chumba chao nimeshakikagua. Kizuri mno! Soketi ziko mbili tu, na moja imekaliwa na mashine fulani inayochorachora mistari mchana kutwa. Lakini hiyo inachomoka kirahisi, nimeshaijaribu.