Kinanda Kilianguka Chenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Jumamosi nilichukua kinanda cha kwaya bila kuaga, nikakipeleka Ndalambo kwenye harusi ya binamu yangu. Nilikifunga nyuma ya bodaboda. Mvua, tope, puu! Vitufe vinane havilii. Mwenyekiti wetu, Mama Tukuswiga, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, anataka taarifa ya maandishi. Lakini katibu ni nani? Mimi! Nimeandika: "Kinanda kilichukuliwa, kikasafirishwa, kikaangushwa." Mtu hayumo. Safi kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Imerudi na wino mwekundu. Amezungushia kila kitenzi: kilichukuliwa na nani? Kiliangushwa na nani? Eti nikague vitenzi vyangu mwenyewe. Clever, mweka hazina, anayeutamani ukatibu wangu tangu Krismasi, alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekagua. Rasimu ya pili: "Kinanda kilianguka." Hapo "na nani" haiingii! Mama akaniuliza, "Yesaya mwanangu, kwani kinanda kina miguu?" Nikamjibu kinayo, minne, ya kukunja. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi
Anataka vitenzi vya kutenda? Haya! "Tope lilivuta tairi. Kamba ilikiachia kinanda. Ardhi ilikipokea." Mama akasifu, hasa hiyo "ilikipokea". Nikavimba kichwa. Kisha akauliza kamba ilifungwa na nani. Mwenyewe anatumia "ilifungwa", mimi nakatazwa!

Jumapili, 9 Machi
Kikao cha kwaya nzima. Nimepata mtendaji wa kweli! Nikasoma kwa sauti: "Clever aliacha kabati la kinanda wazi." Nikangoja ajitetee. Akasimama, akasema, "Ni kweli, niliacha wazi. Nimekosa, mnisamehe." Wakampigia makofi! Fides wa sauti ya kwanza akafuta machozi. Kisha wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Makosa yalifanyika."
Ukatibu amepewa Clever. Pasaka wanakwenda kuimba kule Ibaba kwa ngoma tupu, na mimi nabaki Tunduma.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Tukuswiga kanipa nafasi ya mwisho: barua ya kuomba radhi, sentensi moja tu, ianze na "Mimi", na kitenzi nikichague kwa uaminifu. Nikiandika vizuri, Ibaba naenda. Nimekaa nayo asubuhi nzima, nikipima neno kwa neno. Nimeipeleka sasa hivi: "Mimi, Yesaya, nimeombwa niombe radhi kwa yaliyotokea."
"Mimi" imo. Kitenzi kimo, tena viwili. Naanza kufunga begi.