Mbuzi Hakuhusika

Mamlaka ya Ukweli wa Sabuni ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna sabuni itakayoruhusiwa kusema uongo. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni, ili hata sabuni zilizolala kabatini zisije zikajitetea kwamba hazikusikia.

Ilikuwa hatua ya busara. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba sabuni ya asali haikuwahi kukutana na nyuki, na sabuni ya tango ilikuwa na tango moja tu, nalo la kuchorwa. Adhabu ilipangwa kwa huruma: hakuna faini wala jela. Aliyedanganya angesimama mezani sokoni na kumweleza kila mteja, kwa mdomo wake mwenyewe, sabuni imetengenezwa kwa nini, mpaka jua lizame. Ukweli, alisema Mkurugenzi, ni dawa chungu, na Mamlaka imejitolea kuwanywesha wengine.

Aliyeyaamini haya kwa moyo wote alikuwa Mkaguzi wa Viambato, mtu mwembamba mwenye muhuri mnene. Alinusa sabuni za watu kama mama mkwe anavyonusa mchuzi wa mkaza mwanawe. Siku ya kwanza tu alimsimamisha muuza sabuni ya tango, ingawa alikuwa binamu yake. Jioni akarudi nyumbani kifua mbele, akaingia jikoni, na kifua kikanywea.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa akikata sabuni kwa kisu chenye pengo, ndiyo maana kila kipande kilibaki na mstari mwembamba ubavuni. Kisha alikifunga kwenye karatasi iliyoandikwa: *Maziwa ya Mbuzi na Waridi. Asilia Tupu.*

"Mama Pacha," alianza kwa sauti ya ofisini, "katika utekelezaji wa majukumu yangu, naomba kuonyeshwa mbuzi."

"Mbuzi gani tena, Baba Pacha?"

"Mhusika."

"Si huyo hapo kwenye karatasi? Tena anacheka."

"Na waridi?"

Mama Pacha alielekeza kidevu kwenye chupa ya manukato ya dukani.

Mkaguzi akakaa kwenye kigoda. "Kesho Mkurugenzi anapita sokoni, na mimi niko nyuma yake. Nikikunyamazia, nimevunja kiapo. Nikikusimamisha..."

"Utalala sebuleni." Kisha kisu kikatulia. "Meza ile ya sokoni nimeipigania tangu pacha wananyonya. Leo mtu ninayemfulia mashati ndiye aje aniaibishe mbele za watu?"

Sauti yake ilikatika mwishoni. Mkaguzi aliumia, na alijua kwamba kwa maumivu ya namna ile ofisi haikuwa na fomu.

"Basi sema kweli wewe mwenyewe, kabla hatujafika," alimsihi. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mke wangu."

Mama Pacha alinuna kwa muda wa kutosha. Halafu akazigeuza karatasi zake nje ndani, akaomba kalamu.

Asubuhi meza yake ilikuwa na maandishi mapya: *Nazi, mawese, kostiki na maji. Harufu ya waridi ni ya chupa. Mbuzi hakuhusika.* Akina mama walisoma, wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakanunua.

"Angalau huyu hajatuona wajinga," alisema mmoja, akiwachukulia na dada zake.

Mkurugenzi alifika na msafara wake. Akasoma. Hakucheka.

"Ukweli huu umezidi kiwango," alitamka. "Mamlaka iliagiza ukweli wa kadiri. Huu unawavunja moyo wenye viwanda, unamdhalilisha mbuzi, na wananchi wanaweza kuuzoea. Meza hii ifungwe, na isifunguliwe tena. Mkaguzi!"

Mkaguzi akatoa muhuri. Mama Pacha alikuwa ameishika meza kwa mikono miwili.

"Na ili ujifunze, mama, tazama mfano." Mkurugenzi akatoa mkobani sabuni ya Mamlaka yenyewe, ile wanayopewa wageni wa heshima, yenye karatasi ya dhahabu: *Sabuni Rasmi. Maua Adimu ya Kilele cha Mlima.* Akaifungua, akaizungusha hewani watu waone. "Hii imepita kwenye zabuni. Nusa. Huo ndio uasilia."

Mama Pacha akanusa. Akamtazama mumewe. Mkaguzi akaitazama sabuni. Ubavuni ilikuwa na mstari mwembamba. Mstari ule aliupitisha mgongoni kila alfajiri. Angeutambua hata gizani.

Angeweza kunyamaza. Anayenyamaza ana kiti, na mbele yake kuna pensheni. Lakini alimpenda mke wake, na miaka yote alikuwa amempenda nyumbani tu, ambako hakukuwa na hatari.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kuonyeshwa mlima."

"Mlima gani?"

"Wa kwenye karatasi. Sabuni hiyo kaikata mke wangu, jikoni kwetu. Aliyeshinda zabuni kainunua hapa hapa, akaivisha karatasi mpya tu."

Wateja wakachukua vipande vyao, wakavilinganisha na cha Mkurugenzi, mstari kwa mstari. Soko likaguna.

Mkurugenzi alishauri iundwe kamati. Mkaguzi akamkumbusha kwa adabu kwamba kanuni, aliyoitia saini Mheshimiwa mwenyewe, haitaji kamati, inataja meza. Mama Pacha akasogea, akampisha.

"Karibu, Mheshimiwa. Jua bado liko juu."

Mwanzoni ulimi wa Mkurugenzi ulikuwa unapanda mlimani wenyewe, na kila ulipopanda Mkaguzi alikohoa. Kufika adhuhuri alikuwa anataja nazi, mawese na kostiki vizuri kabisa, na foleni ilikuwa imejaa watu wasio na shida ya sabuni.

Alasiri bibi mmoja alifika mbele. Hakugusa kitu. Alimkagua Mkurugenzi kuanzia viatu mpaka tai.

"Ya sabuni nimeyasikia, mwanangu. Sasa wewe je? Umetengenezwa kwa nini?"

Mkurugenzi akavuta pumzi ya redioni. Akauona muhuri mkononi mwa Mkaguzi, akaishusha. Akafikiri, na ilimchukua muda, maana siku hiyo alifikiri bila msaidizi.

"Kwa sehemu kubwa, bibi," alisema polepole, "manukato."

Mkaguzi hakuona cha kusahihisha. Akagonga muhuri.