Vyoo Mia na Arobaini na Taa Moja ya Kijani

Jumatatu, 3 Februari

Theluji mpaka kwenye vizingiti. Wiki yangu ya nne katika Bunge la jimbo na tayari nina muswada. Wabunge wageni wengine husubiri mwaka mzima. Waache wasubiri.

Muswada ni mfupi. Kila maonyesho ya kilimo ya kaunti yatalazimika kuwa na choo kimoja cha plastiki, cha kuhamishika, kwa kila watu hamsini. Rangi: bluu. Nimesukumwa na afya ya umma. Kwamba nyuma ya nyumba yangu kule Tamarack Flats vimesimama vyoo mia na arobaini vya plastiki, vya bluu, ni jambo jingine kabisa. Nilivinunua kwa sherehe ya mji kutimiza miaka mia moja. Walikuja watu tisini, wote wenyeji, na kila mtu akaenda kujisaidia kwake.

Darlene, mke wangu, anaviona kila anapoosha vyombo. Amesema vikiwa bado pale Pasaka, yeye atakuwa kwa dada yake. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya vyoo nilifuga mbuni, na wakati wa mbuni alipaza sauti.

Jumanne, 4 Februari

Kamati imepitisha muswada kwa dakika nne. Hakuna aliyebishana. Wengine walikuwa wakitabasamu. Sipendi wabunge wanaotabasamu kabla ya chakula cha mchana.

Ninayemshuku zaidi ni LaVonne Haugen, jirani yangu wa kiti. Mwalimu mstaafu, muhula wa tano, huleta keki ya karanga kila wiki na kugawa safu nzima. Mtu hagawi keki bure. Leo aliniuliza kwa nini bluu. Nikamjibu kwamba bluu hutuliza tumbo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaikunja, akampa mfugaji mmoja wa ng'ombe aliyekaa nyuma yetu. Wote wawili wakakohoa.

Njama ipo. Nimekuwa wakili kwa miaka kumi na moja, hasa wosia na kesi za uzio. Njama naijua harufu yake.

Jumatano, 5 Februari

Desturi ya hapa: mbunge mgeni, siku ya muswada wake wa kwanza, huweka zawadi ndogo kwenye kila meza. Asali, soseji, mahindi ya bisi ya kwao. Mimi nitaweka roli moja ya tishu ya chooni iliyofungwa utepe wa bluu. Darlene amekuja mjini na amefunga tepe zote sabini. Ya mwisho akaikaza sana.

Jioni nilimkuta Mzee Clifford, bawabu wa ukumbi, akifuta vitasa. Ameona Maspika tisa. Akanishika kiwiko. “Sikiliza, Mheshimiwa. Kesho, litokee lolote, ukishamaliza kusema kaa chini. Kunywa maji. Usiseme kitu tena.”

Nikamuuliza nani kamtuma. Akacheka akaendelea na vitasa.

Kwa hiyo LaVonne amefika mpaka kwa bawabu.

Alhamisi, 6 Februari

Naandika nikiwa bado na koti mwilini.

Nilitoa hotuba nzuri. Kisha maswali. Mfugaji wa ng'ombe akataka kujua kama farasi anahesabiwa miongoni mwa wale hamsini. Nikamjibu kwa kifungu. Mwingine akauliza mlango uelekee upande gani wa upepo. Nikajibu. LaVonne akasimama, mpole kama yuko kanisani, akauliza kama Mheshimiwa Kratochvil, yaani mimi, yuko tayari kuingia katika choo kimoja mbele ya Bunge ili ukumbi ujiridhishe. Nikasema niko tayari. Mtu akaangusha miwani.

Spika akaita kura. Nikabonyeza kitufe changu. Ubaoni ikawaka taa moja ya kijani, yangu. Halafu nyekundu. Nyekundu, nyekundu, safu baada ya safu. Sitini na tisa!

Kule juu kwenye viti vya watazamaji alikuwa amekaa Darlene na koti lake la kanisani.

Kura ilikuwa bado haijafungwa. Nikaomba nafasi. Spika akaonekana kusita, akanipa. Nikasema niko tayari kuliondoa neno bluu. Nyekundu. Nikasema basi kimoja kwa watu mia. Nyekundu. Hapo, badala ya kukaa na kunywa maji, nikaendelea. Nikasema ninavyo mia na arobaini nyuma ya nyumba yangu, vipya, na kwamba kama Mheshimiwa Haugen atabadili kura yake nitampa kumi na viwili bure kwa maonyesho ya kaunti yake, na mfugaji naye sita.

Watu waliacha hata kukohoa.

Spika akasubiri kidogo. Hakuna aliyebadili. Akafunga kura.

LaVonne akaniinamia. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani kwa huzuni. “Baba, tulikuwa tunakutania tu. Kila mgeni tunamfanyia hivyo muswada wake wa kwanza. Vidole vyetu vilikuwa juu ya kitufe cha kijani. Ulitakiwa ukae chini, basi. Baada ya hongo, nani angebonyeza?”

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena.

Ijumaa, 7 Februari

Barua ya Kamati ya Maadili. Kutoa hongo ukumbini, kwa kipaza sauti. Nitafika Alhamisi ijayo. LaVonne anasema nikiri kosa kwa sentensi moja na yatakwisha. Sentensi moja! Nimefika ukurasa wa ishirini na sita wa utetezi wangu.

Darlene yuko kwa dada yake. Hakusubiri Pasaka. Nyumba ina baridi na mimi ni mpweke, sioni sababu ya kuficha.

Jumatatu, 10 Februari

Leo zamu ya Ardis Pfeifer, mgeni mwenzangu, mkulima wa viazi. Muswada wa kwanza, daraja la kupitia basi la shule. Maswali ya kipuuzi yakamiminika. Ubao ukawa mwekundu wote. Ardis akakaa, akanywa maji. Taa zikageuka kijani moja moja mpaka ya mwisho, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Nami nilipiga. Lakini nilikuwa nikifikiri.

Muswada wa kwanza wa mgeni hupita daima. Hiyo ndiyo kanuni, na hakuna aliyeiandika popote. Na kuna mgeni mwingine wa wilaya ya kaskazini, fundi matrekta, ambaye bado hajawasilisha wake. Baada ya kikao nilimweleza faida za muswada wa vyoo kwa robo saa, na kwamba hana haja ya kunitaja. Akanitazama, akasema, “Sawa, Mheshimiwa, nitaangalia,” akatoka kwa haraka, bila kofia yake.

Amekubali. Kwa jimbo zima mia na arobaini havitatosha, kwa hiyo nimepiga simu kiwandani na kuagiza sitini vingine. Haya si mambo ya kubahatisha. Bunge hili nimeliona kwa macho yangu linavyopiga kura.